Muda unaookolewa na simu unakwenda wapi? Daftari la wiki yangu moja

Mtunza Vitabu, Kimara (Dar es Salaam)

Ndugu zangu, salaam.

Nina swali ambalo nimekaa nalo kwa muda mrefu, na kabla ya kulileta kwenu niliona nilifanyie kazi kwanza ili nisije na malalamiko matupu. Kwa siku saba mfululizo, kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, niliandika kwenye daftari kila nilipoishika simu: saa niliyoishika, saa niliyoiweka chini na jambo lililonifanya niishike. Mimi ni mhasibu katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha iliyopo Posta, nina watoto wawili, na ninaishi Kimara. Swali langu ni hili: ule muda ambao simu imeniokolea uko wapi, na nifanye nini ili saa za jioni zirudi mikononi mwangu?

Jumatatu niliamka saa kumi na nusu alfajiri, na kabla ya saa kumi na mbili nilikuwa ndani ya basi la mwendokasi. Nilipoanza kazi mwaka 2012 mabasi haya hayakuwapo; tulikuwa tukigombania daladala, safari ilikuwa ndefu na ya kuchosha, lakini kwa kuwa nilikuwa na simu ya kitochi, mtu aliyenihitaji kwa jambo la ofisi alisubiri nifike ofisini. Sasa nimekuta kwenye daftari kwamba kati ya Kimara na Magomeni nilijibu ujumbe tisa wa kazi, nikiwa nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba. Siku yangu ya kazi ilianza Ubungo, wala hakuna aliyeniagiza ianzie huko.

Jumanne nilinunua umeme wa LUKU wakati nasubiri chai ichemke, nikalipa ada ya mtoto kwa namba ya malipo niliyotumiwa na shule, kisha nikamtumia mama fedha za dawa kule Same. Mambo hayo matatu hayakuzidi dakika kumi. Baba yangu alikuwa akiomba ruhusa kazini ili akapange foleni ya kulipia umeme, na fedha za bibi zilisafiri ndani ya bahasha mkononi mwa kondakta wa basi tuliyemfahamu, nasi tukakaa siku mbili tukisubiri habari kwamba zimefika. Kwa hiyo sisemi kwamba simu ni mbaya. Nasema kwamba asubuhi nzima aliyoipoteza baba mimi sikuipoteza, na bado sina asubuhi hiyo.

Jumanne hiyohiyo, saa tatu usiku, mkuu wangu wa kazi aliomba nimtumie picha za stakabadhi kadhaa. Nilizitafuta, nikazipiga picha, nikazituma, na nilipomaliza ilikuwa saa nne na mtoto wangu mdogo alikuwa amelala na daftari lake la hesabu kifuani, akisubiri nimsaidie. Jumatano haikuwa na jipya. Alhamisi nilizungumza na mama kwa dakika ishirini, akanieleza habari za mvua na za jirani aliyejifungua, na katika mambo yote niliyoyaandika wiki ile, mazungumzo hayo ndiyo pekee ninayoweza kuyasimulia yote bila kufungua daftari. Ijumaa ilikuwa tarehe 20, siku ambayo wahasibu wenzangu wanaijua, kwa kuwa ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwezi uliotangulia. Siku hiyo siilalamikii, kwa sababu ndiyo kazi niliyoisomea.

Jumamosi ndiyo iliyonishangaza. Nipo katika makundi matatu ya michango ya harusi na moja la msiba. Katika kundi la harusi, kila anayetoa ahadi hunakili orodha yote, huongeza jina lake chini na kuirudisha, hivyo orodha ileile ya watu sitini hupita mbele ya macho yangu mara arobaini kwa siku, nami huifungua kila mara nikidhani huenda kuna taarifa ya kikao. Usiku nilikaa kuangalia tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Nilianza saa tatu kwa nia ya kuangalia sehemu moja, nikalala saa saba. Jumapili tulitoka kanisani, mume wangu akaenda kutazama mpira na wenzake, na saa kumi jioni ukaingia ujumbe wa ofisi kuhusu mzigo wa Jumatatu.

Nilipojumlisha, nilipata saa 31. Saa 11 zilikuwa za kazi nje ya muda wa kazi, saa 6 za makundi ya michango, saa 9 za burudani, saa 4 na dakika 20 za familia pamoja na masomo ya watoto, na dakika 40 tu za malipo yote ya wiki nzima. Nawaomba wenye uzoefu wanisaidie, na sihitaji kuambiwa niitupe simu, kwa sababu ugali wangu unapitia humo.

Mwalimu Mstaafu, Morogoro

Mwanangu, umefanya vizuri kuhesabu kwanza ndipo ukauliza. Nami nitakujibu kwa yale niliyoyaishi.

Usidhani kwamba zamani kazi haikuja nyumbani. Nimefundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, na karibu kila jioni nilibeba madaftari ya wanafunzi nikayasahihisha kwa mwanga wa taa ya chemli, mara nyingine wa koroboi, moshi ukiingia puani. Watoto wangu walilala mimi nikiwa bado na kalamu nyekundu mkononi. Lakini yale madaftari yalikuwa na idadi. Yakiwa hamsini na tano, nilipofika la hamsini na tano niliyapanga, nikayafunga kwa kamba na kuzima taa, na hakuna mzazi ambaye angeweza kuniongezea daftari la hamsini na sita saa tatu usiku. Nilipolisoma swali lako nilitafuta tofauti ya uchovu wangu na wako, nikaiona hapo. Mimi nilichoka nikamaliza. Wewe unachoka kabla hujamaliza, kwa sababu anayekupa kazi hana mahali anapoishiwa nafasi ya kuiweka.

Burudani nayo ilikuwa na saa yake. Mwaka 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati, uliozungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI, mara mbili kwa wiki, jioni. Hapa Morogoro siku za mchezo huo tulihakikisha maji yamechotwa na moto umepangwa mapema. Majirani wasio na redio walikuja na vigoda vyao, tukasikiliza pamoja, na ulipokwisha ulikwisha. Hata kama mhusika aliachwa katika hatari, hapakuwa na namna ya kujua yaliyompata hadi siku nyingine ifike. Muda wa kusubiri tuliutumia kubishana kisimani na katika ofisi ya walimu, na nathubutu kusema kwamba mabishano yale yalikuwa nusu ya mchezo wenyewe.

Mwaka 1994 nilihamishiwa Dodoma nikakuta mchezo huo hausikiki, kwa kuwa kituo cha kurushia matangazo cha huko kilikuwa kikiweka vipindi vingine saa ileile. Baadaye sana nilikuja kufahamu kwamba Dodoma iliachwa makusudi kwa miaka ya mwanzo ili watafiti waweze kulinganisha watu waliousikia mchezo na watu wasiousikia, na kuanzia mwaka 1995 nasi tukafunguliwa. Wakati ule sikujua lolote kuhusu utafiti. Nilijua tu kwamba nimekatwa katikati ya hadithi. Mdogo wangu aliyebaki Morogoro alikuwa akiniandikia barua kunisimulia, na barua ikichelewa nilikosa raha. Nakueleza haya ili ujue kwamba hata sisi tulitekwa na hadithi kama unavyotekwa na hiyo tamthilia ya Kituruki, kwa hiyo usijione dhaifu. Aliyeamua kwamba leo imetosha alikuwa mtangazaji. Kwako hayupo mtangazaji, nawe unalazimika kuifanya kazi yake ukiwa umechoka, saa ambayo mtu hana nguvu ya kuamua chochote.

Ninachokushauri ni kumpa mtu mwingine kazi hiyo. Mwambie mume wako, au huyo mtoto wako mdogo, kwamba sehemu moja ikiisha ni yeye atakayezima. Mtoto wa darasa la tatu huizingatia amri ya namna hiyo kwa uaminifu mkubwa.

Mwanasheria, Arusha

Dada, naomba nijikite katika zile saa 11, kwa sababu hapo lipo jambo ambalo watumishi wengi hawalijui.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Kazi ya ziada hufanyika kwa makubaliano, haipaswi kuzidi saa 50 katika kipindi cha wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida wa saa. Zidisha saa zako 11 kwa wiki nne, utapata 44. Maana yake ni kwamba, ikiwa wiki uliyoiandika inafanana na nyingine, unakaribia kabisa kikomo cha juu ambacho sheria inakiruhusu kwa mtu anayelipwa kazi ya ziada, ilhali katika maelezo yako sikuona mahali popote unaposema kwamba unalipwa.

Sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, na saa 24 mfululizo katika wiki. Upo uwezekano wa kupunguza yale mapumziko ya kila siku kwa makubaliano ya maandishi, lakini hayawezi kushuka chini ya saa 8. Tuchukue Jumanne yako. Kama ulimaliza kutuma stakabadhi saa nne usiku na ukatakiwa kuwa mezani saa mbili asubuhi, ulipumzika saa 10. Na ujumbe wa Jumapili saa kumi jioni uliingia katikati ya mapumziko ya wiki.

Lazima nikueleze pia mipaka ya hoja hii. Sheria iliandikwa mwaka 2004, miaka mitatu kabla ya iPhone ya kwanza kuuzwa, na haisemi lolote kuhusu ujumbe wa simu, kwa hiyo mwajiri anaweza kudai kwamba kusoma ujumbe si kufanya kazi. Kutafuta stakabadhi, kuzipiga picha na kuzituma ni jambo tofauti. Hiyo ni kazi ileile ambayo ungeifanya mezani. Vilevile, masharti haya ya saa hayamhusu mfanyakazi anayewasimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, na kwa kuwa ofisi yenu ni ndogo, soma mkataba wako uone cheo chako kinaelezwaje. Ufaransa, kuanzia Januari 2017, iliyataka makampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi yajadiliane nao kuhusu haki ya kutopatikana baada ya kazi, na nchini Kenya muswada wenye lengo kama hilo ulipelekwa katika Seneti. Kwetu bado, ila mtu hazuiwi kukubaliana na mwajiri wake kwa maandishi.

Sikushauri uanze na barua ya malalamiko. Lihifadhi hilo daftari, endelea kuandika kwa wiki tatu zaidi ili uwe na wiki nne kamili, kisha ukazungumze na mkuu wako ukiwa na tarehe na saa. Nimeona waajiri ambao hawakuwa na nia mbaya. Walituma ujumbe usiku kwa sababu ndiyo saa walipolikumbuka jambo, wakiamini kwamba litajibiwa asubuhi, na mfanyakazi kwa hofu akajibu papo hapo hadi ikawa desturi.

Dereva wa Tuktuk, Mombasa

Nimesoma kwa makini, na ningependa kuongeza upande wa sisi ambao simu yenyewe ndiyo afisi. Abiria wangu wengine huniita kupitia programu, na karibu wote hunilipa kwa M-Pesa, kwa hivyo nikiizima simu nimejifungia mlango wa riziki. Hakuna sheria ya saa 45 kwangu, wala sina mkubwa wa kwenda kumwonyesha daftari.

Nilichofanya ni kuchagua saa moja ambayo haiguswi. Adhana ya Magharibi ikilia naegesha tuktuk Kisauni, naweka simu kwenye sanduku la vifaa chini ya kiti, naswali, nakaa barazani na wazee mpaka Isha, ndipo nairudia. Ni chini ya saa moja na nusu. Kipato kinapungua kidogo, kwa sababu hiyo ndiyo saa watu wanarudi makwao, na sitakuficha kwamba mwezi wa kwanza iliniuma. Nimeendelea nayo kwa sababu wazee wale wameanza kuniuliza ninapokosa.

Fundi wa Simu, Mwanza

Dada wa Kimara, mimi hutengeneza simu na huwaona watu wakiniletea simu nzima kabisa wakidai kwamba inawachosha. Nitaeleza kinachofanyika ndani yake, kisha nitaeleza cha kufanya.

Kwanza, umeandika kwa mkono, na hilo ni zuri, lakini simu yako huenda tayari inaandika. Tangu mwaka 2018 simu za Android zina sehemu inayoonyesha umetumia muda gani kwa kila programu na umeifungua simu mara ngapi kwa siku, na iPhone zilipata ya kwake mwaka huohuo. Ingia kwenye mipangilio uitafute. Linganisha na daftari lako. Wateja wangu wengi hukuta kwamba simu imehesabu zaidi, kwa kuwa mtu haandiki zile mara anazoifungua simu ili kutazama saa kisha akajikuta mahali pengine.

Pili, kuhusu kulala saa saba ya usiku. Mwalimu ameeleza vizuri suala la mtangazaji, nami naongeza kwamba kutokuwapo kwake ni jambo lililobuniwa. Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa na mwisho, nawe ulilazimika kubonyeza ili upate ukurasa wa pili. Mwaka 2006 mbunifu Mmarekani aitwaye Aza Raskin alibuni namna ya kuufanya ukurasa uendelee kujaza chini bila kukoma, na yeye mwenyewe baadaye amesema hadharani kwamba anajutia matokeo yake. Sehemu ya tamthilia inayojianzisha yenyewe baada ya nyingine inafuata njia hiyohiyo. Zima kule kujianzisha. Karibu kila programu ya video ina sehemu ya kukuzuia, ingawa wameificha. Ukilazimika kunyoosha mkono na kubonyeza, akili hupata nafasi ya kujiuliza. Na kama unanunua bando la usiku kwa sababu ni nafuu, hesabu pia bei ya usingizi, kwa kuwa bando hilo huisha saa fulani ya alfajiri na mtu huona uchungu kuliacha liishe bila kutumika. Mimi niliacha kulinunua, nikanunua dogo la mchana kwa fedha zilezile, na nikawa nalala.

Tatu, kazi. Simu nyingi tulizonazo ni za laini mbili. Weka laini ya kazi peke yake na uhamishie huko mawasiliano yote ya ofisi. Watu hukosea hapa: huzima laini ya kazi saa moja jioni wakidhani wamemaliza, kisha ujumbe wa WhatsApp unaendelea kuingia, kwa sababu baada ya kusajiliwa hautegemei laini bali intaneti. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023 WhatsApp inaruhusu akaunti mbili ndani ya simu moja ya Android. Fungua ya pili kwa namba ya kazi, kisha nyamazisha arifa za akaunti hiyo peke yake kila jioni. Ya nyumbani itaendelea kulia mama akikupigia kutoka Same.

Mzaliwa wa Malindi ya Unguja, Maskati

Assalaam alaykum. Nawaunga mkono waliotangulia, lakini naomba niitetee simu kidogo, kwa sababu mimi ningekuwa mpweke bila hiyo.

Nimekuja Oman kufanya kazi, na ndugu zangu wengi wako Unguja. Mapumziko ya huku ni Ijumaa na Jumamosi, ya kwao ni Jumamosi na Jumapili. Kwa hiyo Ijumaa mimi nipo nyumbani nao wapo makazini, Jumapili wao wamekaa barazani nami nipo kazini, na tunayo siku moja tu, Jumamosi, ambayo sote tumepumzika, tena saa zetu zikiwa zimepishana kwa saa moja. Mjomba wangu aliyetangulia kuja huku alikuwa akirekodi sauti yake kwenye kanda, upande mmoja kwa bibi na upande wa pili kwa sisi watoto, kisha anamtafuta msafiri wa kuibeba. Tuliisikiliza kanda hiyo hadi tukawa tunajua mahali anapokohoa. Jibu letu lilichukua wiki, pengine mwezi, kufika.

Leo dada yangu hunitumia sauti ya dakika tatu akiwa anakuna nazi, na mimi huisikiliza nikiwa njiani, mbuzi inakwaruza na kuku wanapita nyuma yake. Sauti ya namna hii haidai ijibiwe saa hiyohiyo, na ndiyo maana naipenda kuliko ujumbe wa maandishi na kuliko simu ya kupigwa. Tumekubaliana kwamba mwenye jambo la dharura atapiga, na jambo lisilo la dharura litakuja kwa sauti na litajibiwa kabla ya Jumamosi kuisha. Kwa mujibu wa daftari lako, dada, zile dakika ishirini za mama yako ndizo zilizobaki moyoni. Ningeanza kwa kuziongeza hizo kabla ya kuhangaika kupunguza nyingine.

Mtunza Vitabu, Kimara (Dar es Salaam)

Shikamoo Mwalimu, na ndugu zangu wengine nawashukuru nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na jambo lililofanyika.

Ndugu mwanasheria, nimesoma mkataba wangu. Simsimamii mtu yeyote, kwa hiyo saa zile zinanihusu. Sikusubiri wiki tatu kama ulivyonishauri, unisamehe, kwa sababu mkuu wangu mwenyewe aliniuliza kwa nini siku hizi natembea na daftari. Nikamwonyesha ukurasa wa Jumanne. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema kwamba stakabadhi zile alizihitaji Alhamisi, na kwamba aliziomba usiku ule ili asije akasahau. Tumekubaliana kwamba baada ya saa kumi na mbili jioni ataandika anachotaka lakini mimi nitajibu asubuhi, isipokuwa meli imeshusha mzigo au ni wiki ya ritani, na saa za wiki hiyo zitaandikwa. Kuhusu malipo hatujafikia mwisho, na daftari linaendelea.

Mwalimu, mwanangu mdogo ndiye mtangazaji sasa. Jumamosi iliyopita sehemu ilipoisha alisimama mbele yangu akatangaza kwamba matangazo yamefikia tamati, akazima simu, nami nikabaki nimekaa gizani nikitamani kujua kama yule dada amepona. Nililala saa nne na nusu. Jumapili asubuhi, wakati tunachambua mchele, nilimsimulia mama kwa simu habari za tamthilia hiyo hadi pale nilipoishia, naye akaniambia anavyodhani itakwenda, na kumbe yeye huiangalia kwa jirani na yuko mbele yangu kwa sehemu mbili. Nilimkataza asiniambie.

Kilichobaki kunishinda ni makundi ya michango. Ndugu fundi, kutoka ndani ya kundi la harusi sitaweza, kwa kuwa bibi harusi ni binti wa mama yangu mdogo, na anayejitoa kundini huonekana kwamba amekataa kuchanga. Nifanye nini na ile orodha?

Fundi wa Simu, Mwanza

Usijitoe. Bonyeza jina la kundi kwa kulishikilia, kisha chagua kulihifadhi kwenye kumbukumbu. Tangu mwaka 2021 kundi lililohifadhiwa hivyo hubaki limefichika hata ujumbe mpya ukiingia, tofauti na awali ambapo lilikuwa likirudi juu kila mara, wala wenzako hawataona kwamba umefanya hivyo. Mtu akikutaja kwa jina au akijibu ujumbe wako, utaona alama. Kisha mpigie katibu wa kamati, mlipe ahadi yako yote kwa mara moja badala ya vipande, na umwombe akutumie tarehe za vikao kwa ujumbe wa kawaida. Mke wangu ni katibu wa kamati ya namna hiyo hapa kwetu Nyakato, na anasema anayelipa mapema hapigiwi simu na mtu yeyote.